Rula ya mtoto wa shule na mtaro usio na mfuniko: faini ya kuegesha mbali na ukingo

Swali kwa mwalimu wa udereva, kutoka kwa msomaji wa Buhongwa, Mwanza:

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama mfanyabiashara, nina Noah ninayobebea vitenge. Juzi niliegesha mtaa mmoja karibu na Soko Kuu, na ushuru wa maegesho nilikuwa nimelipa. Kurudi nikamkuta askari wa usalama barabarani ananiandikia faini ya shilingi 30,000, kosa kuegesha vibaya. Nilipomuuliza akaniambia gari liko mbali na ukingo. Ni kweli niliacha nafasi, maana pale pana mtaro wenye kina, hauna mfuniko, na mwaka jana nilishazamisha tairi mtaroni. Picha nimekutumia. Mdogo wangu yuko London, naye aliwahi kupigwa faini ya namna hiyo, anasema kule wanapima sentimita 50. Je, na sisi tuna kipimo? Nilipe au nikatae? Na siku nyingine nifanyeje nisiangukie mtaroni?"

Jibu:

Marahaba, mama. Picha yako nimeitazama mara nyingi, nikaikuza mpaka nikaweza kulinganisha ile nafasi na tairi lako la mbele kushoto. Tairi la Noah lina upana wa karibu sentimita 20. Kati ya tairi lako na mdomo wa mtaro yanaingia matairi manne na nusu ya aina hiyo, yaani ulikuwa kama sentimita 90 kutoka ukingoni. Nakujibu waziwazi kwa sababu umeniuliza waziwazi: ulikosea. Ila sababu uliyopewa ni nusu tu ya sababu, na ile nusu nyingine ndiyo ningependa uondoke nayo, kwa kuwa ndiyo itakayokusaidia kesho na keshokutwa. Tazama tena picha, safari hii upande wa kulia wa gari. Lori lililokuwa linashusha magunia ng'ambo ya barabara na Noah yako kwa pamoja viliacha mwanya ambao hata daladala ingeupita kwa kukunja vioo. Kilichokuponza ni mwanya ule.

Tuanze na mdogo wako, maana amekwambia kweli. Uingereza kipimo kipo na kimeandikwa. Sheria yao ya usimamizi wa magari barabarani ya mwaka 2004, kifungu cha 85, inakataza kuacha gari zaidi ya sentimita 50 kutoka ukingo wa njia ya magari, katika maeneo ambayo halmashauri imepewa mamlaka maalumu ya kusimamia maegesho. London imo. Karatasi yao ya faini huwa na namba ya kosa, na kosa hili ni namba 26. Shabaha yake kubwa ni wale wanaosimamisha gari ubavuni mwa gari lililokwisha kuegeshwa, wakaziba njia. Lakini kwa vile sheria imetaja sentimita, hata mtu aliyeegesha peke yake, hana gari pembeni, akizidisha 50 anaandikiwa. Kuna misamaha pia: gari linaloshusha au kupakia mizigo kwa muda usiozidi dakika 20, gari la wagonjwa, la zimamoto, la polisi. Anayelipa ndani ya siku 14 hulipa nusu, na asiyekubaliana na faini huandika pingamizi kwa halmashauri, akishindwa huko anapeleka shauri lake kwenye baraza huru. Scotland nao wana sheria yao ya mwaka 2019 yenye sentimita hizo hizo 50, na utekelezaji ulianza Desemba 2023: faini ni pauni 100, inashuka hadi 50 ukilipa ndani ya siku 14.

Marekani kila jimbo lina lake. California na Texas wanataka matairi ya upande wa ukingo yasizidi inchi 18. New York na Illinois, ambako ndiko iliko Chicago, ni inchi 12. Toronto, Kanada, sentimita 30. Ukizitazama namba hizi kwa macho ya wazee wetu wa pwani waliopima nguo kwa mkono, zinaeleweka haraka kuliko kwa tepu. Inchi 18 ni dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Wewe muuza vitenge hilo hulihitaji kufundishwa. Inchi 12 ni futi moja, na futi moja ni ile rula ya sentimita 30 iliyomo kwenye mkoba wa mtoto wako wa shule. Kwa hiyo dunia nzima inabishana kati ya rula na dhiraa. Sijasikia mji unaokuruhusu hatua nzima ya mtu mzima, na wewe uliacha hatua nzima.

Sasa kwa nini wenzetu wanaweza kuandika namba, ikatekelezeka? Kwa sababu wana kitu cha kupimia. Barabara yao imefungwa na jiwe la zege lililonyooka, limeinuka kama nusu shubiri hivi kutoka kwenye lami, na linakwenda hivyo hivyo kutoka kona hadi kona. Askari wao anainama, anaweka kipimo, anapiga picha, basi. Hapa kwetu, mama, ukingo una sura nyingi. Barabara ya Kenyatta au ya Nyerere utakuta mawe ya ukingo yamepangwa vizuri. Ingia mitaa ya ndani, lami inaishia kama chapati iliyong'atwa. Mbele kidogo kuna mchanga, halafu mtaro, halafu meza ya muuza mitumba, halafu jiwe, maana huu ni mji wa mawe na mawe yalikuwepo kabla ya barabara. Ukimwambia mtu akae sentimita 30 kutoka ukingoni, swali lake la kwanza litakuwa: ukingo upi?

Nikujibu hilo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotelea. Ukingo ni pale inapoishia sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya magari kupita. Kama kuna jiwe la zege, ni jiwe hilo. Kama lami inaishia kwenye mdomo wa mtaro, ni mdomo wa mtaro. Kama lami imemomonyoka, unatazama mstari wa ile iliyobaki nzima, mbele na nyuma yako. Ukuta wa duka hauhusiki, wala kibaraza, wala njia ya waenda kwa miguu. Wapo wanaopandisha matairi mawili juu ya njia ya miguu wakidhani wanaipisha barabara. Hao wanawatoa mama wenye watoto mgongoni na wazee wenye fimbo, wanawapeleka katikati ya magari. Hilo nalo ni kosa, na kwangu mimi ni kubwa kuliko lako.

Mkataba wa kimataifa wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ulilitatua jambo hili bila namba. Unasema gari linalosimama au kuegeshwa liwe karibu na ukingo kadiri inavyowezekana. Kadiri inavyowezekana: hapo mtaro wako una nafasi ya kusikilizwa, maana hakuna anayekutaka uingize tairi shimoni. Lakini sentimita 90 si kadiri inavyowezekana. Ilikuwa inawezekana zaidi, na nitakuonyesha.

Hapa kwetu, katika miaka yote niliyofundisha udereva Mwanza, sijawahi kuona karatasi ya faini iliyoandikwa sentimita. Kinachoandikwa ni kuegesha vibaya, au kusababisha kizuizi, au kuliacha gari mahali pa hatari. Ndiyo maana nasema askari alikupa nusu ya sababu. Umbali kutoka ukingoni aliutaja kwa kuwa ndio unaoonekana kwa haraka, lakini ukisimama mbele ya hakimu hoja itakuwa kizuizi na hatari. Hebu tupige hesabu kama unavyopiga ya mapande ya vitenge.

Chukua mtaa wenye lami ya upana wa mita 7. Noah ina upana wa mita 1.7 hivi. Wewe umeegesha kushoto kwa rula, sentimita 30, na mwenzako ng'ambo kafanya vivyo hivyo. Kila mmoja amekula mita 2 za barabara. Zinabaki mita 3. Lori au gari la zimamoto lenye upana wa mita 2.5 linapita, dereva wake akiwa makini, robo mita kila upande. Sasa wewe peke yako rudi kwenye zile sentimita 90, mwenzako abaki pale pale. Umekula mita 2.6, yeye 2, zimebaki mita 2.4. Gari la zimamoto halipiti tena. Hujagongana na mtu, hujasikia honi, uko ndani ya duka unachagua vitenge, na mtaa mzima umefungwa na wewe mmoja. Nyote wawili mkifanya hivyo inabaki mita 1.8, hapo hata Noah nyingine kupita ni taabu. Hivyo ndivyo foleni ya saa nne asubuhi inavyozaliwa katikati ya jiji, kwa sentimita 60 za mtu mmoja aliyeuogopa mtaro.

Hilo ni la upande wa kulia wa gari. Upande wa kushoto, ule uliouacha wazi ukidhani ni wa usalama, kuna jambo linaloniumiza zaidi, na nitalieleza kwa kirefu.

Usukani wa bodaboda, kutoka mshikio hadi mshikio, una upana wa sentimita 75 hivi. Ukiacha sentimita 30, hakuna bodaboda anayejaribu kupita kati ya gari lako na ukingo. Ukiacha sentimita 90, umemfungulia njia. Hakuna aliyemchorea, hakuna aliyemruhusu, lakini ameona mwanya na ana abiria anayewahi Nyegezi kupanda basi. Anapita. Na upande huo ndio upande wa abiria wako, kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto na dereva anakaa kulia. Abiria akiwa ndani ya gari lililosimama hatarajii kitu kutoka upande wa mtaro. Anafungua mlango tu. Noah ina mlango wa kuteleza nyuma, na watu wanadhani huo ni salama kwa vile hautokezi nje. Kinachotokeza ni mtu. Mtoto anaruka chini kabla mlango haujafika mwisho, na chini pale ndipo bodaboda anapopita.

Niliwahi kuliona hili kwa macho yangu, nikiwa nimekaa kiti cha kushoto, mwanafunzi wangu kashika usukani. Tulikuwa Kirumba, tunatoka upande wa mwaloni. Nilimwambia asimame pembeni, akasimama, akaacha kama mita moja. Nikatazama nafasi ile nikaiona ni kubwa, lakini nikaona nishuke kwanza, nimwonyeshe kwa mguu. Nikavuta komeo la mlango. Sekunde hiyo hiyo akatokea kijana wa bodaboda nyuma yangu na viroba viwili vya dagaa wakavu, kimoja mbele kwenye tangi, kimoja nyuma. Ncha ya mlango ikaugusa mshikio wake wa kulia, ikaugusa tu. Mshikio ukageuka, gurudumu la mbele likaingia mtaroni, naye akaruka juu yake. Dagaa walimwagika mpaka kwenye miguu ya wauza nyanya. Alivunjika mtulinga. Nilimshika mkono njia nzima hadi hospitali, na kitu alichokuwa anauliza ni kama pikipiki ya bosi wake imeharibika.

Tangu siku hiyo sifundishi tena kuegesha kwa kusema "sogea sogea". Nafundisha kwa rula. Na kila mwanafunzi namwambia umbali ulio hatari kuliko mwingine ni ule wa kati: mdogo sana kuwa njia, mkubwa sana kuwa ukuta. Sentimita 30 ni ukuta, hakuna anayepita. Sentimita 90 ni mtego.

Sasa faini yenyewe. Umeniambia ulikuwa umelipa ushuru wa maegesho, na nasikia kwenye maneno yako kwamba uliona umeonewa kwa sababu hiyo. Mama, vitu hivi ni tofauti na vinachanganywa kila siku. Ushuru ni malipo ya kukaa mahali palipotengwa. Usipolipa unakuwa deni, linafuata namba ya gari. Faini ya askari ni adhabu ya kosa la usalama barabarani, inatoka kwenye sheria ya mwaka 1973, na risiti ya ushuru haiifuti, kama vile tiketi ya basi isivyokuruhusu kukaa mlangoni. Halafu kuna sheria ndogo za halmashauri, ya Jiji kwa upande wa Nyamagana na ya Manispaa kwa upande wa Ilemela, na huko ndiko mara nyingi unakuta gari limefungwa tairi au limevutwa. Kabla hujalipa chochote, soma karatasi imetoka mkono upi na imeandika kosa gani. Ukilipa, lipa kwa namba ya malipo ya serikali kwenye simu au benki, usimpe mtu fedha mkononi hata akikuahidi punguzo.

Nilipe au nikatae, umeuliza. Sheria inakupa njia mbili: kukubali kosa na kulipa, au kukataa na shauri likaenda mahakamani. Hakuna ubaya kukataa pale unapojua uko sahihi, na ningependa madereva wengi wajue kwamba haki hiyo wanayo. Lakini kwa picha hii uliyonitumia, hakimu atakuuliza kitu kimoja: lori lile lingetaka kuondoka, lingepita wapi? Huna jibu, na mimi sina la kukusaidia. Lipa. Ungekuwa umekaa sentimita 35 kutoka mtaroni na barabara iko wazi upande wa pili, ningekwambia piga picha tatu na usikubali: moja inayoonyesha tairi, rula na ukingo, ya pili kutoka nyuma inayoonyesha upana uliobaki, ya tatu inayoonyesha mtaro wenyewe. Picha hizo zipigwe kabla gari halijasogezwa. Baada ya hapo ni maneno matupu.

Na mtaro nao niuseme, kwa sababu hofu yako ina msingi na nisingependa uone naipuuza. Mji huu uko kwenye vilima. Mvua ikinyesha Isamilo au Bugando, maji yanashuka kwa kasi kuelekea ziwani, na Mto Mirongo umeshatuonyesha unaweza kufanya nini ukijaa. Mitaro mipana na mirefu tunaihitaji, hilo silipingi. Ninachopinga ni mtaro wenye kina cha kiuno kupakana na lami bila jiwe la ukingo, bila mfuniko, na bila mstari mweupe wa kumwonyesha dereva usiku kwamba dunia imeishia hapa. Dereva akiadhibiwa kwa kukaa mbali na shimo, mwenye barabara naye aulizwe kwa nini shimo liko wazi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Kipande chako kile cha karibu na soko kipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa diwani kwa maandishi, na ile picha uibandike. Nimeona mifuniko ikiwekwa baada ya wafanyabiashara wa mtaa mmoja kuandika barua na kuisaini wote, kwa hiyo nakwambia jambo linalowezekana.

Tuje kwenye kuegesha. Tatizo lako, kama la wengi wenye magari ya Kijapani marefu kwenda juu, ni kwamba huuoni upande wa kushoto, na usichokiona unakikimbia. Kwa hiyo tutakifanya kionekane.

Kwanza kioo cha pembeni cha kushoto. Kabla hujaanza kurudi nyuma, kiinamishe mpaka uone tairi lako la nyuma linapogusa ardhi. Watu wanakiacha kikitazama magari ya nyuma, ambayo kwa wakati huo hayakuhusu kama ardhi inavyokuhusu. Ukimaliza kuegesha, kirudishe kabla hujaondoka. Halafu Noah nyingi zina kioo kingine kidogo upande wa kushoto kwa mbele, watu wanakiona kama pambo, na nimeona mafundi wakiking'oa na kukitupa. Kile kiliwekwa na Wajapani makusudi ili uone tairi la mbele kushoto. Kama chako kipo, kisafishe. Kama kimepotea, kitafute maduka ya vipuri, kina thamani kuliko redio.

Pili, tengeneza alama yako mwenyewe. Nenda mahali penye jiwe la ukingo lililonyooka, pasipo na mtaro, asubuhi ya Jumapili kabla mji haujaamka. Simama sambamba na ukingo. Mtu ashuke na rula ya mtoto akuelekeze mpaka matairi yote mawili ya kushoto yawe sentimita 30 kamili. Sasa kaa kama unavyokaa siku zote, usijinyooshe, tazama mbele. Utaona mstari wa ukingo kama unapanda juu ya boneti na kuingia kwenye kioo cha mbele mahali fulani, kwa wengi ni karibu na katikati ya gari. Boneti ya Noah ni fupi, kwa hiyo utautafuta kwenye kioo, chini karibu na vifyagio vya mvua. Bandika kipande kidogo cha utepe mahali hapo. Rudia mara tano ukianzia mbali. Kila mstari unapofika kwenye utepe, acha, shuka, pima. Baada ya mara ya tatu utashangaa jinsi macho yalivyo mwanafunzi mwepesi. Utepe utautoa baada ya wiki mbili, hutauhitaji.

Kuingia kati ya magari mawili kwa kurudi nyuma ni somo refu, nitakupa kiini tu. Simama sambamba na gari la mbele, ukiacha kama dhiraa moja kati yenu. Rudi polepole, na bampa yako ya nyuma inapofika usawa wa bampa yake ya nyuma, kata usukani wote kushoto. Gari linapokaa mshazari wa nusu ya pembe ya mraba, nyoosha usukani, endelea kurudi mpaka pembe yako ya mbele kushoto iwe imelipita gari lile, kisha kata wote kulia. Macho yakae kwenye kile kioo ulichokiinamisha. Kosa linalowaacha watu mita moja nje ni kukata kulia mapema, kabla mkia haujaingia. Ukiona umebaki mbali usijaribu kulisogeza kwa kuchezacheza usukani ukiwa umesimama, unamaliza matairi na hufiki. Toka, anza upya. Honi za nyuma zitapigwa, ziache zipigwe.

Penye mtaro wazi, usitumie mtindo huo kama una njia nyingine. Ingia kwa mbele, pole pole, sambamba, ukitumia alama yako, na umwombe mtu asimame mbele yako kushoto, upande wa lami, akuonyeshe kwa viganja. Lenga shubiri moja na nusu, ambayo ni kama sentimita 35. Mdomo wa mtaro wa mawe uliosakafiwa unabeba gari. Ule wa udongo, hasa baada ya mvua za Machi na Aprili, hauaminiki. Ukiuona umekatika au una ufa unaofuata barabara, hapo hata shubiri tatu hazitoshi, na barabara haitakubali zaidi ya hapo. Maana yake mahali hapo si pa kuegesha. Endelea mbele, tembea dakika tano na mzigo, au mlipe kijana wa mkokoteni. Hilo ndilo lilikuwa jibu sahihi siku ile, mama.

Kilimani umbali una kazi nyingine kabisa, na kwa kuwa mji wetu ni kupanda na kushuka siwezi kuuacha. Ukiegesha ukitazama juu, kama njia ya kupanda Bugando, na pembeni kuna jiwe la ukingo, geuza matairi ya mbele kulia. Breki ya mkono ikishindwa, gari linarudi kidogo na tairi linaegemea jiwe. Ukitazama chini, yageuze kushoto. Gia iache kwenye namba moja ukipanda, ya kurudi nyuma ukishuka, au kwenye P kama gari ni otomatiki. Lakini jiwe lile linalikamata tairi lililo karibu nalo. Ukiwa mita moja nje, gari limeshapata mwendo kabla halijafika kwenye jiwe, na linaweza kulipanda. Penye mtaro bila jiwe, beba kigingi chako cha mbao nyuma ya kiti ukiweke chini ya tairi. Mawe ya kuokota yanateleza, na wengi wanayasahau barabarani wakiondoka.

Mwambie mdogo wako wa London kwamba kama bado anayo karatasi, atazame kama alikuwa anashusha mzigo ndani ya zile dakika 20, maana hapo angekuwa na hoja ya pingamizi. Na wewe, Jumapili hii, ukiamka mapema, mchukue mwanao mkubwa na rula yake. Jiwe la ukingo lililonyooka lipo barabara ya Makongoro. Mfanye yeye ndiye mpimaji, akae juu ya njia ya miguu, asishuke barabarani, awe anakusomea namba. Ukifika mara tano mfululizo kati ya 25 na 35, nitumie picha.